Usishuke Kwenye Shimo la Gereji

Chumba cha juu, nyuma ya dobi,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mwanangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa mama yako umepata nafuu? Mimi mzima, ila magoti hulalamika kila nikipanda ngazi. Baridi ya huku haijanizoea, wala mimi sijaizoea, miaka yote hii.

Sasa nikugombeze. Tangu tulipoongea kwenye simu sijatulia. Gereji yako, ambayo siku zote ilifunga mifumo ya gesi asilia kwenye magari, sasa inapokea na magari yanayotumia gesi ya kupikia, ile ya mitungi ya jikoni. Hongera. Nikakuuliza, hewa inatokea wapi? Ukajibu kwa madaha, "Baba mkubwa, nimetoboa matundu juu kabisa, chini ya bati." Na lile shimo unaloingia kukagua magari kwa chini? Ukacheka! "Ah, baba mkubwa nawe! Gesi ni gesi, yote inapaa."

Haipai! Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda na kutokea kwenye matundu yako. Gesi ya kupikia ni nzito. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji, ikitafuta pa kutuama. Kwako pa kutuama ni shimo lile, nawe umesimama ndani yake na taa ya umeme mkononi, tena yenye waya uliochubuka. Nimeiona kwenye picha uliyonitumia kwa kujivuna.

Najua utetezi wako. Mtungi wa gesi ya kupikia ni mwepesi, unaenea pale pa tairi la akiba. Ule wa gesi asilia ni mnene, maana umebana gesi kwa nguvu kubwa mno, na unamaliza buti nzima. Vituo vya kujazia navyo ni vingi. Kweli kabisa. Nani amekukataza kazi?

Huku nililinda geti la maegesho ya chini ya ardhi mpaka nikastaafu. Kibao kiliruhusu magari ya gesi asilia, kikakataza ya gesi ya kupikia. Nilitukanwa mpaka nikazoea. "Mzee, au nyumbani kwako mnakula vibichi?" aliniuliza dereva mmoja, foleni nzima ikaangua kicheko. Sikufungua. Kwako nani atakaa getini?

Toboa matundu usawa wa sakafu. Shimo lifukie, utafute mashine ya kunyanyulia magari. Kabla ya hapo usishuke mle, hata mteja akikulilia.

Msalimie mkeo, na yule fundi rangi wako, Kibuyu. Mwambie naye asishuke. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Mama yako mpe pole ya mgongo. Siku ya mazishi ya baba yako, kwa kuwa mimi njia ya kurudi imefungwa, yeye ndiye aliyeinyoosha simu kaburini nisikie udongo ukimwagwa. Usimfanye ainyooshe tena.

Wako akupendaye, hata akifoka,
Baba yako mkubwa