Ng'ombe Niliyemwosha kwa Sabuni

Kinya mjukuu wangu,

Hapa Kanyakine tuko tu. Magoti yananisumbua na mvua imechelewa. Mama yako Karimi ndiye anayeandika, mimi nasema.

Unasema mbegu za farasi zinakataa kuingia kwenye mayai huko maabara, umebadilisha dawa mpaka umechoka, na unauliza kama urudi nyumbani.

Mama yako alipokuwa mchanga, ng'ombe wetu alipandishwa kwa sindano ya mbegu za dume mara mbili, asishike mimba. Babu yako akasema ni tasa, apelekwe bucha. Mara ya tatu daktari wa mifugo alinikuta nikimsugua chini ya mkia.

"Mama Karimi, hiyo ni nini?"

"Sabuni. Ulitaka nikuletee ng'ombe mchafu?"

"Kumbe ni wewe unayeua mbegu! Tumia maji matupu, halafu mpanguse akauke."

Safari hiyo alishika. Na mimi nilikuwa nimemtukana mnyama wa watu mwaka mzima.

Farasi siwajui, mama. Ukichoka kabisa, njoo, sitakuuliza kitu. Lakini kabla hujafunga mizigo, uliza hivyo vichupa vyako vinaoshwa na nani, na kwa kitu gani.

Nyanya yako anayekupenda hata ukishindwa.