Ukurasa wa Muhogo

Jumatano, baada ya Isha

Hasira hazijanitoka. Nimerudi kutoka dukani nikamkuta Zuhura, mke wa mwanangu, anampozea mjukuu wangu muhogo wa kuchemsha. Ule mchungu niliouleta jana kutoka shamba, wa kuloweka na kuanika kwanza ndipo tutwange unga!

Nimeipokonya sahani. Alhamdulillahi, mtoto alikuwa hajaonja.

"Mama, mtandaoni wameandika muhogo wowote ukichemka unalika."

"Huyo aliyeandika amekula muhogo wa shamba letu?"

Akanionyesha. Ni ukurasa ambao yeyote anaruhusiwa kuandika, basi na mimi nikaandika: muhogo mchungu una sumu, kuchemsha tu hakutoshi. Magharibi nimeangalia, wamefuta. Eti sikuweka chanzo. Na huyo wa kuchemsha, chanzo chake kiko wapi?

Kinachonitisha, Zuhura si mjinga. Amesoma kuliko mimi, na bado aliamini.

Kesho naenda kwa bwana shamba aniazime kitabu chake, niwape hicho chanzo. Wakifuta, naandika tena. Sasa hivi kuna mama mahali anausoma ukurasa ule, na maji yake yameshachemka.