Kifaransa cha Kuamrisha

Bujumbura, Jumapili baada ya misa

Kwako Mama Nabwire, mke wangu, binti wa Tororo mwenye ulimi wa pilipili,

Pokea salamu nyingi kuliko dagaa walioanikwa ziwani. Goti lako je, bado linatabiri mvua? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, ama anatudanganya tena kama mwaka jana? Mimi ni mzima, ila tumbo linanung'unikia maharage ya huku. Barua hii soma mwenyewe, usimpe katekista akusomee, ana mdomo kunishinda.

Kwanza nikutie kiburi. Mumeo sasa anasema Kifaransa! Nakisema mpaka Wazungu wananisimamisha barabarani kuniuliza njia, na masista wanatoka nje kunisikiliza kama redio.

Haya, uongo. Mzungu aliyeniuliza njia alikuwa mmoja tu, nikamwelekeza ziwani, kumbe alikuwa anatafuta posta. Na masista wakinisikia wanafunga dirisha. Lakini kidogo nimejifunza, na hicho kidogo ndicho kilichoniumiza.

Ulivyoniaga pale stesheni ya Tororo sijasahau: "Mlete mtoto wa Nabwire. Ukirudi mikono mitupu, nenda ukalale kwa dada yako Busia." Basi nikafika kwa hawa masista waliomlea tangu marehemu binti yetu alipofia hospitalini kwao akamwacha kichanga. Nikajua kazi ni rahisi. Yule dereva wa lori aliyemchukua Nabwire aliyeyuka zamani bila kutuletea hata ndama, na mahari isipotolewa mtoto ni wa kwetu. Nani asiyejua hilo?

Sista mkubwa, mrefu mwembamba kama mwiko wa matanga, akanikalisha. Pasikali, mlinzi wao wa lango, anajua Kiswahili, akawa mkalimani. Sista akauliza, "Mtoto huyu ni nani kwako?" Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikajibu kama tunavyojibu nyumbani: "Huyu? Huyu ni mume wa mke wangu! Nimekuja kumchukua akalishwe na mkewe, mimi nimechoka."

Kwetu hata kuku wangecheka. Kila bibi ni mke wa mjukuu wake, na babu ndiye mshindani, tunazaliwa tumekuta utani huo. Pasikali hakucheka. Alitafsiri vile alivyosikia. Sista akaweka kalamu chini. "Muulize kama amelewa." Nikaeleza, nikaapa, nikataja ukoo mpaka kwa babu wa babu, na kila nilivyotaja ndivyo nilivyoharibu. "Mara ni mume, mara ni mjukuu," Sista akasema. "Nani anajua kesho atakuwa nani?" Mwisho akaamua hivi: niwe nakuja Jumapili, nizungumze na mtoto, na siku mtoto mwenyewe atakapokubali kunifuata, atamwachilia.

Huku wanamwita Etiene. Ana paji la uso la Nabwire, na akikasirika anauma mdomo wa chini, hilo amekuibia wewe. Anajua Kifaransa cha masista na Kirundi cha uwanjani. Kiswahili hajui hata "njoo". Nilimwambia jina lake la kwetu ni Wandera, akanitazama kama mbuzi anavyomtazama karani wa kodi.

Ndipo nikamwomba Pasikali anifundishe. Mimi namsaidia kufagia majani langoni, yeye ananipa maneno. Kifaransa ni lugha ya ajabu, mama. Sisi tukisema "nipe", ile "ni" inatangulia, imeshika kamba. Wao wakiamuru, vile vineno vya mtu na vya kitu vinafuata nyuma kama ndama: done-le-mwa, nipe hicho. Lakini wakikataza, ndama wote wanakimbilia mbele ya ng'ombe: ne-me-le-done-pa, usinipe hicho. Niliwachanganya ndama hao mpaka Pasikali akasema, "Mzee, zizi lako halina mlango!"

Siku moja nikamwuliza, "Na pole, naisemaje? Na 'mama yako alipenda simsim', hiyo je?"

Akaegemea ufagio. "Mzee, hayo mimi sina. Nilikuwa boi wa Wabelgiji tangu utoto. Ninachojua ni kile nilichoambiwa. Lete. Funga. Ondoka. Iache. Nifuate."

Basi, mke wangu, Kifaransa changu chote kikatoka hapo. Jumapili iliyopita nilikaa na Wandera wetu kwenye benchi. Moyoni nilikuwa na Nabwire mzima, alivyoimba akipura wimbi, alivyokuwa akinificha kiko changu halafu ananisaidia kukitafuta. Mdomoni nilikuwa na "kaa", "kula" na "nitazame". Nikampa simsim uliyoikaanga. "Manje-la," nikasema. Akala kwa adabu, kama anakunywa dawa. "Regarde-mwa." Akanitazama. Kila nilichosema alitii, na kila alipotii alisogea mbali kidogo kwenye benchi.

Leo Sista alisimama mlangoni, mtoto ubavuni pake. Nikainuka, nikanyoosha mkono, nikasema neno nililokuwa nikilifanyia mazoezi wiki nzima. "Swi-mwa." Nifuate. Nililisema kwa upole wote niliozaliwa nao, lakini neno lenyewe limevaa buti. Mtoto akauma mdomo wake. Akashika sketi ya Sista, akasema polepole, "Ne m'amene pa."

Sikuhitaji Pasikali. Usinichukue. Ningebaki mjinga wangu ningekuandikia leo kwamba sikuelewa alichosema, na ungeamini.

Sista akanigusa bega. Si mtu mbaya. Mtoto anamwita mama. Pasikali alinifungulia lango akaninong'oneza, "Usimlaumu, mzee. Hata mimi ningepewa ruhusa ya kukataa, ningekataa zamani." Nikachukua ufagio wake, nikamalizia majani ya langoni.

Napanda basi Alhamisi mpaka Kampala, halafu gari moshi. Simsim iliyobaki nimemwachia. Lile shati ulilomshonea nalo nimemwachia, ingawa linambana mabegani. Tulimshonea mtoto wa kichwani mwetu. Huyu wa kweli amekua.

Msalimie dada yangu Taaka, muuza dagaa wa Busia, na kaka yako Okoth, fundi wa baiskeli wa Malaba. Katekista wa Bulumbi aliyenifundisha herufi mwambie bado zinanitii, ila koma zimenishinda.

Sasa nina ombi, tena si ombi, ni haki yangu kwako. Mwaka ule uliponikimbia ukaenda kwenu Tororo, ukakaa huko mavuno yote, siku uliyorudi sikukuuliza neno. Nilikuchotea maji ya kuoga, nikaketi nje nachonga mpini wa jembe. Majirani waliuliza. Mimi sikuuliza, na mpaka leo sijui. Basi nikishuka stesheni utaniona niko peke yangu. Nichotee maji nioge, mama, na usiniulize.

Mimi mumeo,
Barasa