Kioo Namba Arobaini na Moja

Shosti, nimejifungia kwenye choo cha maabara. Usipige, siwezi kuongea.

Si unajua kazi yangu, kuhesabu chembe za kinga kwenye vipande vya uvimbe wa saratani ya utumbo? Vioo vyenye vipande hivyo havina majina ya wagonjwa, namba tu. Chembe zikiwa nyingi, mgonjwa ana matumaini. Zikiwa chache, mmh.

Leo kioo namba 41. Nimetafuta weee, nikapata tatu. Tatu tu! Nikaropoka: "Huyu askari wake wote wametoroka. Hamalizi mwaka!"

Na nikacheka. NILICHEKA, shosti.

Dada ninayefanya naye kazi, wa darubini ya pili, akainua macho. Halafu polepole: "Hiyo ni ya mama. Namba nilibandika mwenyewe."

Mama yake! Yule anayeniita kitinda mimba wake!

Nikasema labda nimekosea. Akavuta kiti karibu: "Basi hesabu tena, mdogo wangu. Taratibu."

Nimehesabu mara nne, mkono wake uko begani kwangu.

Tatu.

Sasa yuko hapa mlangoni anagonga. Ananibembeleza mimi, eti nisilie.