Benchi la Maalim

Malindi, Jumatano 12 Machi 1986

Nimemwambia, na bado mimi ni mzima.

Wiki tatu sasa Maalim Athmani, aliyenisomesha Kurani chuoni nikiwa mtoto, anakuja kule tunakonyanyulia vyuma, nyuma ya gereji. Benchi ni moja, na chuma ni kimoja, bomba lenye mkebe wa saruji kila upande. Desturi yetu ni kunyanyua mara kumi, kufuta jasho na kumpisha mwenzio. Yeye hunyanyua mara kumi kisha hukaa papo hapo, kikoi begani. Sisi watu sita tunasimama tukimtazama. Nani atamwambia Maalim ainuke? Mkono wake ulinichapa mpaka nikahifadhi juzuu nzima.

Leo nilichoka. Nimetoka kazini, imebaki nusu saa kabla ya magharibi. Nikamsogelea, nikamwamkia. "Maalim, niwie radhi. Kama umeshapumzika, tupokezane zamu."

Akaniangalia sana. Nikajua nimeshajiharibia.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu. "Kila siku mwanisimamia, mwanitazama, nami nadhani mwangojea ninyanyue tena. Sina nguvu hizo, Saidi. Nikaona haya kuondoka."

Kumbe wiki tatu zote tulikuwa tukioneana haya.

Akainuka, akalifuta benchi kwa kikoi chake, akanipisha. Nilipofika mara ya nane mikono ikaanza kutetemeka, nikataka kukirudisha chuma. Nikasikia sauti ile ile ya chuoni juu ya kichwa changu:

"Bado mbili. Usinidanganye."