Siku Kengele Alipoacha Kunadi

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumatatu, baada ya chai ya saa nne.

Dada mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko vifungo vilivyotapakaa hapa mezani kwangu. Hujambo wewe? Goti linasemaje? Na baridi ya huko imeanza kukuonea huruma au bado? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako anakusalimu kutoka juu ya ngazi, anabadilisha taa, kwa hiyo usishangae salamu zake zikifika zimevunjika.

Habari kubwa ni moja na siwezi kuizungusha: Mama amerudi kanisani. Jana! Kwa miguu yake, na kile kitambaa chake cha zambarau kichwani. Nilitaka kukupigia simu, lakini ningelia tu usiambulie neno. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika, kwa sababu jambo hili limetoka kwako na lazima ulisikie lote.

Unakumbuka nilivyokulalamikia kwamba tangu tumzike Baba, Mama hataki kusikia habari za ibada. Ikifika Jumapili mara kichwa, mara mgongo, mara viatu vinabana. Hata kula akawa anakula kama anayewaibia watu chakula. Niliogopa, Dada. Niliona Baba ametuacha na Mama naye anatutoka taratibu, huku amekaa pale pale sebuleni.

Yote yalianzia kwenye mahubiri ya kaka yetu. Kengele si unamjua. Wiki nzima ananadi makabati na vitanda vya mitumba, Jumapili anahubiri, na koo ni lile lile. Ibada ile ya kwanza baada ya msiba alichagua neno zuri kabisa, kwamba waliochoka waende kwa Mungu wakapumzike. Lakini alivyolisema sasa! Kidole hewani, mishipa ya shingo imesimama, "Wewe uliyechoka! Njoo upumzike! Njoo leo!" Halafu ngumi mezani, paa, utadhani kabati limepata mnunuzi. Watu wakashangilia. Mama akashtuka, akashika mkoba wake, akatoka.

Mimi nilidhani zilimkera kelele tu. Wewe ndiye uliyekataa nilipokusimulia. Ukampigia Kengele simu (anatusimulia mwenyewe siku hizi), ukamwambia, "Neno lako halina kasoro. Ila nenda kamwite Mama chai kwa sauti hiyo hiyo ya mahubiri, halafu mtazame mikono yake." Naye kwa ubishi wake akaenda. Akasimama mlangoni mwa jikoni: "Mama! Njoo unywe chai! Njoo sasa!" Maskini, Mama alikuwa anamenya viazi. Kisu kikamponyoka, akasimama wima, akasema, "Nisamehe mwanangu, nimefanya nini tena?"

Kuitwa chai, Dada! Mtu anaomba msamaha kwa kuitwa chai!

Kengele alinuna siku nzima. Kesho yake akaja huku chumbani kwangu kufanya mazoezi ya upole, eti nimsikilize. Weee! Sauti ikawa laini kama tangazo la sabuni redioni. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nikamwambia aache, hiyo nayo ni kunadi, ila sasa ananadi manukato. Akacheka na yeye, kisha akasema hajui tena sauti yake mwenyewe ni ipi. Nilimhurumia, nisikufiche.

Basi akarudi jikoni. Mimi nilikuwa uani naanika nguo, dirisha liko wazi, nikasikia yote. Alivuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumsaidia Mama kumenya viazi, ovyo ovyo, nusu ya kiazi inakwenda na maganda, na Mama hakumgombeza. Wakamenya hivyo mpaka sufuria ikakaribia kujaa. Halafu akasema taratibu, "Mama, umechoka." Hapo Mama akafunguka.

Kumbe miezi yote hii alikuwa amebeba hili: alfajiri ile Baba alipokata roho, yeye alikuwa amesinzia kwenye kiti kando ya kitanda. Baada ya kumuuguza muda wote ule, kumgeuza, kumlisha, kumwogesha, usingizi ulimshinda kidogo tu. Alipofumbua macho, Baba ameshakwenda. Sasa Kengele aliposimama kule mbele, kidole kimemwelekea, anafoka habari za uchovu na kupumzika, Mama alisikia anahukumiwa. Alisema, "Nikajua Mungu ameuona usingizi wangu."

Kaka yetu alilia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kisha akamwambia tena neno lile lile la siku ile, hakuongeza wala hakupunguza. Safari hii Mama alilisikia. Nami nilisimama uani na shuka mbichi mikononi, nimesahau ninakoipeleka.

Haya, jana sasa. Kengele akarudia somo lile kanisani, kwa sauti ya jikoni. Shemeji yako, si ndiye msimamizi wa vipaza sauti, akadhani mashine imeharibika. Akaongeza, akaongeza, mpaka spika zikapiga mluzi na kiongozi wa kwaya akaziba masikio. Fundi viatu, aliyekaa nyuma yetu, akanung'unika: mahubiri gani haya, watu si watasinzia!

Na kweli, mtu alisinzia. Nilihisi uzito begani, nikageuka, ni Mama. Mkoba mapajani, mdomo wazi kidogo, anakoroma kama zamani. Watu wakaanza kugusana viwiko. Nikainua mkono nimwamshe, lakini Kengele alikuwa ameshatuona. Alikuwa amefika pale pa ngumi, mkono uko juu tayari, mazoea bwana. Akamtazama Mama. Akaushusha mkono polepole, akauweka mezani bila kishindo, akaendelea kwa sauti ya chini mpaka mwisho. Kwaya nayo akaiashiria iimbe taratibu.

Dada, asante. Asante sana. Sisi tunaoishi naye tulisikia kelele, wewe uliye mbali ukamsikia Mama. Sina zawadi ya kufanana na hilo, ila nakushonea blauzi, na safari hii nimekumbuka kwamba mabega yako ni mapana.

Nisalimie shemeji, na mapacha wako uwabusu kila mmoja kwa zamu yake wasigombane. Kengele anakusalimu na kusema umemharibia mkono wa kulia, kila akitaka kupiga meza anakukumbuka. Mungu akutunze huko uliko, akupe kazi isiyokuchosha na usingizi usio na hofu.

Mama naye amenituma nikufikishie maneno aliyoyasema jana alipoamka, watu wakiwa wanatoka na mimi nikimfunga kitambaa kilicholegea. Alitazama huku na huku, akajifuta mdomo, akanishika mkono, akasema: "Nimelala mbele ya Mungu, na hakuna aliyenifokea."

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukushukuru,
Kifungo