Sweta ya Kipa

Voi, Agosti 1956

Baba Mable,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima, ila mahindi ya shamba la Marungu yamekauka.

Ile klabu mliyoianzisha nyuma ya stesheni bado ipo. Mchwa walikula milingoti ya goli, sasa vijana wamesimamisha vyuma vya reli. Mwaka jana walikuja kuomba sweta yako ya kijani, nikawaambia mwenyewe atarudi kudaka. Niliiacha msumarini. Mable, uliyemwacha mchanga, aliiamkia kila asubuhi: "Shikamoo, baba."

Mwezi uliopita Rashid wa dukani alirudi kutoka Mombasa. Anasema unadakia timu ya bandarini, na nguo zako zina wa kuzifua. Kesho yake niliwapelekea vijana sweta, akapewa Thadeus, kipa mpya.

Jumamosi iliyofuata tulicheza na Mwatate. Mable alipoiona ile sweta golini alinichomoka mkononi, akakimbia uwanjani akiita baba. Refa alisimamisha mchezo. Thadeus hakumfukuza, alimbeba akamleta hadi nilipokuwa.

Siku hizi akitoka kazini hupita kumsalimu, na mtoto bado humwita baba. Sijamkataza.

Ni mimi niliyekuwa nikikufulia,
Wakesho